Marehemu Wasio na Bahasha

Wiki ya mwisho ya Oktoba bahasha za marehemu hugawiwa jumuiyani. Ni bahasha ndogo, mbele ina mistari ya kuandikia majina, ndani huwekwa sadaka. Kila familia huchukua yake, ikaandika baba na mama, babu wa kuumeni na wa kukeni, shangazi, mtoto aliyefariki kabla hajabatizwa. Bahasha zikirudi parokiani hukaa kwenye kikapu karibu na altare mwezi wote wa Novemba, na misa hutolewa kwa nia ya wote walioandikwa humo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku Mbagala, Dar es Salaam. Kaunta buku la jumuiya nalitunza mimi. Kurasa za mbele zina mahudhurio na michango. Kurasa za nyuma nimeandika wanajumuiya wetu waliofariki, kila mmoja na jina la ubatizo, la ukoo, na siku aliyozikwa. Nikilinganisha kurasa zile na bahasha zinazopita mikononi mwangu, yako majina ambayo hayamo kwenye bahasha hata moja. Hao ndio ninaotaka kuwasemea.

Mmoja wao ni mama aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Jina lake silitaji hapa kwa sababu sikuwahi kuwaona ndugu zake niwaombe ruhusa. Alikuja mjini na mumewe kutoka mbali, mume akatangulia, mtoto hawakujaliwa. Vitambaa alifua kwa mkono kwenye beseni, akavitia wanga wa muhogo, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa hata baada ya umeme kufika kwake, akishikilia kwamba kitani hakinyooki sawasawa kwa pasi nyingine. Maji ya kwanza ya kusuuzia korporale, kile kitambaa kinachotandikwa chini ya kikombe na hostia, aliyamwaga kwenye shina la mwarobaini, mahali asipokanyaga mtu, kama alivyofundishwa na masista alipokuwa msichana. Chembe ya Mwili wa Bwana huenda imebaki kwenye kitambaa, alituambia, na haifai kwenda mfereji wa maji machafu. Sijawahi kupata somo la Ekaristi lililoniingia kuliko lile.

Alipofariki, jumuiya ilifanya yote. Turubai, viti, jeneza, chakula cha waombolezaji, vyote vilitoka kwenye mfuko wetu wa kufa na kuzikana. Tulipiga namba zote zilizokuwa kwenye simu yake, hakupatikana ndugu. Tulimzika makaburi ya huku huku, tukasimika msalaba wa mbao wenye jina lake kwa rangi nyeusi. Arobaini tukaisoma. Baada ya hapo, Novemba ilipofika, hakuna aliyemwandika. Kila mmoja wetu alikuwa na bahasha ya ukoo wake, na yeye hakuwa wa ukoo wa mtu.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba aliyekufa hajaondoka kabisa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Anakaa bado kati yao. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo naye anapozama katika zamani pasipo na majina. Ndiyo maana, alieleza, kuoa na kuzaa ni jambo zito mno kwetu: asiye na mtoto hana wa kumtaja. Nilipokisoma kitabu hicho sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimekulia Ungoni, upande wa Songea, na nimeona jinsi mwanamke tasa anavyozeeka akiwa na hofu ambayo haitamki.

Sasa Kanisa linamwambia nini mwanamke huyo? Swali hili nimekaa nalo muda mrefu, na jibu nililopata liko kwenye tarehe 2 Novemba yenyewe. Siku hiyo ya kuwaombea marehemu wote ilienezwa na watawa. Karibu na mwaka 998, Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliagiza kwamba monasteri zote zilizo chini yake ziwaombee marehemu waamini wote siku inayofuata sherehe ya Watakatifu Wote. Desturi hiyo ikatoka monasterini ikaingia parokiani, hadi ikatufikia sisi. Watu walioweka siku ya kuwakumbuka wafu wa dunia nzima walikuwa watu wasio na watoto. Hawakuwa na mwana wa kuwataja. Walitajana wao kwa wao, wakaona haitoshi, wakawataja na wengine.

Kwetu Ungoni jambo hilo si habari ya kale. Peramiho wamekuwapo watawa Wabenediktini tangu mwaka 1898, na desturi ya shirika lao ni kutunza orodha ya waliofariki na kuwataja siku ya kumbukumbu ya kifo cha kila mmoja. Mtawa aliyekufa miaka mingi kabla ya wanaomsikia kuzaliwa husomwa jina kama ndugu aliyeondoka jana. Hakuna anayeuliza ni wa ukoo gani. Alikuwa mmoja wao, basi.

Hapo ndipo ninapoachana na Mbiti, kwa heshima yote. Kama mtu anabaki kwa sababu mimi namkumbuka, basi amejengwa juu ya msingi mbovu, maana kumbukumbu yangu inapungua mwaka hadi mwaka na itazikwa pamoja nami. Imani yangu ni kwamba mama yule yuko mikononi mwa Mungu, nimtaje nisimtaje. Kumtaja kwangu hakumpi uhai. Ni wajibu nilionao kwake, kwa kuwa tulibatizwa ubatizo mmoja, na Mungu amependa maombi ya mmoja yamfae mwingine.

Mwenyekiti wetu aliniuliza swali la haki tulipokuwa tunajaza bahasha. "Mwalimu," alisema, "Mungu anawajua wote. Tukishasema marehemu wote, si tumewaenea?"

Nilimjibu kwamba sala ya misa inawaenea, na hakuna misa isiyowataja marehemu. Lakini neno "wote" halimpi mtu kazi. Ukisema wote, huhitaji kumjua yeyote. Ukitaka kusema jina, lazima uulize: aliitwa nani, alitoka wapi, nani alikaa naye mwisho, kaburi lake liko upande gani. Upendo unafanya kazi kwenye maswali hayo. Kisha nikamwambia jambo jingine ambalo sikulisema kwa sauti kubwa, kwa sababu aliyekaa kwenye mkeka kando yetu alikuwa dada mmoja ambaye naye hana mtoto. Anasikiliza tunavyowatenda waliotangulia. Anajua hivyo ndivyo tutakavyomtenda.

Jirani yangu Mlutheri hakubaliani nami. Wao huwashukuru waliolala na kumwachia Mungu hukumu, hawawaombei. Namheshimu, na ninajua biashara ya rehema iliyomkasirisha Luther mwaka 1517 ilikuwa biashara kweli, fedha ikidaiwa kwa niaba ya roho za wafu. Hofu hiyo ni ya haki hata leo. Bahasha ina mahali pa kutia pesa, na mtu maskini akiiona anaweza kudhani asiye na pesa hana nafasi. Sheria ya Kanisa yenyewe imeliona hilo. Kanoni ya 945 inawahimiza mapadre watolee misa nia za waamini, hasa walio wahitaji zaidi, hata kama hawakupokea sadaka yoyote. Ya 947 inataka hata sura ya biashara iepukwe kabisa. Na mwaka 1915, vita vikuu vikiwaua vijana wa Ulaya kwa maelfu, Papa Benedikto wa 15 aliruhusu kila padre aadhimishe misa tatu tarehe 2 Novemba. Sadaka anaweza kuipokea kwa moja tu. Nyingine ni kwa nia ya Papa, na nyingine ni ya marehemu waamini wote, bila malipo. Kila mwaka, basi, ipo misa ambayo mama yetu wa vitambaa hadaiwi hata shilingi.

Lakini asiye na ndugu si wa mwisho kusahauliwa. Yuko aliye nyuma yake: yule tuliyegombana naye.

Tulikuwa na kijana kondakta wa daladala. Aliwahi kuwa kwenye kwaya, sauti ya tatu, kisha akaacha. Jumuiya hakuja, zaka hakutoa, na nyumbani alikaa na mwanamke ambaye hawakufunga ndoa. Alipofariki kwa ajali, wapo waliosema wazi kwamba hakuwa mwenzetu. Mmoja alinitaka nifungue daftari nionyeshe mahudhurio yake, kama vile mahudhurio ndiyo cheti cha kuzikwa. Nilikataa kulifungua. Kanoni ya 1184 inaorodhesha wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waasi wa imani na wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua kuchomwa miili yao kwa kuipinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa, hawanyimwi. Deni la zaka halimo. Kukosa jumuiya hakumo. Ninasema hivi kwa uchungu kwa kuwa katika sehemu nyingi nimesikia familia ikiambiwa, maiti ikiwa bado mochwari, ilete kwanza kadi ya marehemu. Jumuiya hizi maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976 ili Kanisa lishuke hadi mlangoni kwa mtu. Kuzigeuza lango la ukaguzi ni kuwatukana walioziota.

Wanaodhani tunawaombea wazuri tu warudi kwenye kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, mahali tunapopategemea Wakatoliki tunapoulizwa habari ya kuwaombea wafu. Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuwachukua wenzao waliouawa vitani wawazike na jamaa zao. Chini ya kanzu za kila aliyeanguka wakakuta hirizi za miungu ya Yamnia, kitu ambacho Sheria iliwakataza Wayahudi. Askari wa Mungu walikuwa wamekwenda vitani na hirizi. Yuda hakuamuru waachwe porini. Aliwasihi watu wasali ili dhambi ile ifutwe, akachangisha drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao, kwa sababu alitumaini ufufuko. Fungu hilo tunalisoma sana misa za marehemu, na mara nyingi tunaanzia pale penye mchango, hirizi zikaachwa nje. Zirudishwe. Mchango ule ulitolewa kwa ajili ya watu waliokutwa na kosa mwilini.

Kijana wetu alizikwa na katekista, tukaimba. Jina lake nimeliandika kurasa za nyuma pamoja na mengine, wino uleule.

Na wako wale ambao kaburi lao hatulioni. Huku Dar, mwanajumuiya akifariki, mara nyingi mwili unasafirishwa: Moshi, Bukoba, Songea, Mbinga. Tunachanga nauli ya Coaster, wawakilishi wanaandamana, sisi wengine tunaishia kuaga uwanjani. Miaka miwili mitatu baadaye familia imehama chumba, namba zimebadilika, na mtu aliyesali nasi Jumamosi alfajiri muda wote ule anakuwa marehemu wa huko kwao tu. Hapa namkumbuka Mtakatifu Monika, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, aliyekufa bandarini Ostia karibu na Roma mwaka 387 akiwa njiani kurudi. Agostino ameeleza kwamba mama yake alikuwa ameshajiandalia kaburi kando ya mumewe, akihangaika kwa muda mrefu alazwe pale. Alipoona saa yake imefika ugenini, akawaambia wanawe wauzike mwili popote. Akawaomba jambo moja tu, wamkumbuke altareni kwa Bwana, popote watakapokuwa. Hilo ombi linaweza kutimizwa Mbagala kwa mtu aliyelala Mbinga. Halihitaji nauli.

Kwa hiyo jumuiya yetu sasa ina bahasha yake. Naijaza mimi kutoka kurasa za nyuma, na mstari wa mwisho huwa wa mama wa vitambaa ili nisimalize bila yeye. Kabla ya kuipeleka tunayasoma majina yote kwa sauti, tunasali Raha ya Milele, na yeyote mwenye habari ya aliyetajwa anaisema: huyu alikuwa na kicheko cha kusikika barabarani, huyu alinikopesha ada ya mtoto, huyu hakupenda watoto wapige kelele misani. Vijana waliozaliwa baadaye wanauliza maswali. Mwaka huu nimeona mmoja akiandika.

Ndugu katibu mwenzangu, popote jumuiya yako ilipo: fungua daftari la zamani, hata lile lililoliwa na mchwa. Mwendee mzee aliyekuwapo jumuiya ilipoanza na umuulize, kabla naye hajaondoka na majina. Andika asiye na ndugu, andika uliyegombana naye, andika aliyesafirishwa. Kama hakuna pesa ya kutia ndani, ipeleke bahasha hivyo hivyo, paroko ataipokea. Fanya kabla ya tarehe 1 Novemba.