Uongo Mdogo Mlangoni mwa Uwanja



Huenda nawe umepata kumchukua mwanao mdogo kwenda kutazama mpira usiku. Kwetu Unguja jambo hili si geni. Kombe la Mapinduzi, lililoanza mwaka 2007, huwatoa watu majumbani kila msimu wake ufikapo, na uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, umeona baba wengi wakiingia na watoto mabegani. Mtu husali Isha, akafunga mlango wake, akatoka na aila yake.

Wako wanaouliza kama inafaa mtu kutoka na watu wake kwa ajili ya mchezo. Hao tuwakumbushe habari iliyomo katika Bukhari na Muslim: Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame, wala hakumharakisha, mpaka akatosheka mwenyewe. Basi furaha ya halali haina lawama. Lawama huingia kwa mlango mwengine, na mlango huo ndio ninaotaka tuuzungumze leo.

Nilikwenda mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Uwanja sitautaja, kwani kosa nitakalokusimulia si la uwanja, ni langu. Mlangoni palikuwa na desturi kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita haingii kwa tiketi. Mshika mlango akamtazama binti yangu, akaniuliza, "Huyu ana miaka mingapi?" Nikajibu, "Mitano." Akatupisha. Mtoto hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikamvuta mkono tukaingia.

Tukanunua njugu, tukakaa, mpira ukaanza. Taa zilimpendeza sana, akawa anauliza hili na lile. Kipindi cha pili mchezaji mmoja akaanguka karibu na goli huku ameshika mguu, na hali hakuguswa na mtu. Refa akamwendea, akamwonyesha kadi ya manjano. Binti yangu akauliza, "Baba, kafanya nini?" Nikamwambia, "Kajiangusha makusudi. Amemwongopea refa." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba, na mimi sasa nina miaka mingapi?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jawabu. Mama yake akageuza uso akatazama mpira.

Usiku ule, mtoto amekwisha lala, nilijitetea mwenyewe kwa hoja tatu. Nitakuwekea mbele yako, kwa sababu nadhani hata wewe unazijua.

Hoja ya kwanza: jambo lenyewe ni dogo. Ni bei ya tiketi moja ya mtoto. Lakini udogo wa fedha hauufanyi uongo kuwa mdogo, bali huzidi kutuaibisha, kwani tumeuza neno letu kwa bei ya chini. Na fedha hurudishika. Je, neno nililolitoa mbele ya mtoto, nitalirudisha kwa nani?

Hoja ya pili: nilifanya kwa ajili yake. Hoja hii ndiyo inayotuteka wazee wengi, maana ina sura ya mapenzi. Lakini tuulize, yeye alitaka nini? Alitaka kutazama mpira na baba yake. Hakuniomba nimpunguzie umri. Akiba ile ilikuwa yangu mimi, na jina lake nimelitumia kuipata.

Hoja ya tatu: mtoto haelewi. Swali lake limekwisha ivunja hoja hii. Wahenga walisema kuwa mwana hutazama kisogo cha nina. Aliyebebwa haoni uso wa anayembeba, wala hayaoni yaliyomo moyoni mwake. Anachoona ni kule anakokwenda.

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa habari ya Abdallah bin Amir, alipokuwa mdogo. Mama yake alimwita ili ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwapo nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama alikusudia kumpa nini, akajibu kuwa ni tende. Akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Angalia jinsi jambo lilivyo: ahadi ya tende, kwa mtoto, ndani ya nyumba. Na yule mtoto angalidanganywa tu. Wangu mimi sikumdanganya, nilimshirikisha. Kimya chake nilikifanya kuwa ushahidi wangu mbele ya mshika mlango.

Hapo ndipo swali gumu linapokuja. Je, mzazi akiri kosa lake mbele ya mtoto? Wengi wetu twaogopa kuwa heshima itashuka. Nikakumbuka mifano miwili ya mpira wenyewe. Mwaka 1986 huko Mexico, Diego Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono, refa hakuona, na Argentina ikashinda 2–1. Baadaye mwenyewe alikiri, lakini mechi ilikwisha zamani. Mwaka 2012 huko Italia, Miroslav Klose wa Lazio alifunga kwa mkono dhidi ya Napoli, na refa akalikubali goli. Klose akamwendea refa akamweleza ukweli, na goli likafutwa. Lazio wakafungwa 3–0. Ukweli haukumpa ushindi siku ile. Hata hivyo, wachezaji wa Napoli walimwendea kumshukuru. Yule aliyekiri saa ile ile, mbele ya watu, hakushushwa na mtu. Heshima inayosimama juu ya kuficha hukaa mpaka mtoto atakapouliza swali moja tu.

Asubuhi nikamwita nikamwambia, "Jana nilisema uongo, na nilikosea. Wewe una miaka saba." Akaniuliza kama refa atanionyesha kadi. Nikamwambia tiketi yake lazima ilipwe. Juma lililofuata tulikwenda pamoja, nikakata tiketi mbili za wakubwa na mbili za mtoto. Mshika mlango akauliza ya nne ni ya nani. Nikamwambia ni ya huyu huyu, deni la juma lililopita. Akacheka, akaichana, tukaingia.

Sikusimulii haya ili unisifu, maana anayelipa deni hana la kusifiwa. Nakusimulia kwa sababu mlango ule uko kila mahali: katika basi, dukani, na hata nyumbani anapobisha mgeni tukamtuma mtoto akaseme baba hayupo. Utakapoulizwa, ndugu msomaji, kumbuka kuwa wanaosikiliza jawabu lako ni wawili, na mmoja wao mkono wake umo mkononi mwako.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli, na atulelee watoto wetu katika kheri. Amin.