Safari ya Wazazi na Hiari Yao

Mtu akimpa mzazi wake chakula, hapana ulizo. Njaa imekwisha uliza na kujibu. Akimpa nguo, baridi na haya vimekwisha sema. Akimpeleka kwa mganga, ugonjwa ndio uliotoa amri. Lakini akimpa safari, safari ya siku tatu au nne katika mji wa kigeni, kwa ajili ya kutazama na kufurahi tu, hapana haja ya mwili iliyotangulia kunena. Zimebaki nafsi mbili zinazokabiliana, moja ya mtoaji na moja ya mpokeaji, na hapo ndipo lizukapo ulizo gumu: hisani hii ni ya nani?

Zamani mtoto wa Kisarawe aliyejaliwa riziki alikuwa na njia mbili mashuhuri za kuwatukuza wazazi wake. Aliwaezekea nyumba kwa bati, au, kama Mungu alimfungulia zaidi, aliwapeleka Makka. Siku hizi imezidi ya tatu. Watoto waliopata kazi Kibaha au Dar es Salaam hukutana jioni wakapanga matembezi ya wazee wao, kama wazee walivyokuwa wakikutana kupanga harusi za watoto. Nia ni njema wala siibezi. Mimi mwenyewe niliketi katika shauri moja la namna hiyo.

Wazee wetu wakaa upande wa Maneromango. Sisi watoto tumekusanyika Kibaha. Ndugu yetu mdogo alikuwa ametazama kwa bidii mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyoanza Desemba 2025 huko Moroko, ambayo timu yetu ya taifa ilishiriki, na mashindano yalipokwisha Moroko ilimbaki moyoni. Akatoa shauri wazee wapelekwe Marrakesh kwa siku nne. Alikuwa amekwisha hesabu nauli. Aliujua msikiti wa Kutubiya uliojengwa katika karne ya 12, na mnara wake. Aliujua mji wa kale wa Fez, ambamo gari haliingii na punda ndiye mchukuzi wa mizigo. Dada yetu akauliza juu ya magoti ya mama. Tukajadili pasi za kusafiria, kubadili ndege njiani, dawa za presha za baba na saa za kuzimeza, na kama nyumba ya wageni ina ngazi ngapi. Tulizungumza saa tatu nzima pale Maili Moja, tukaondoka na ratiba iliyoandikwa vizuri. Wazee wenyewe hawakuwapo, wala hapana hata mmoja wetu aliyeona kasoro.

Hoja ya ndugu yangu ilikuwa na nguvu, na sipendi kuidhoofisha ili niishinde. Watu hawa walilima mihogo na kuokota korosho ili sisi tusome. Walijinyima. Sasa sisi tunacho, nao umri umewapita. Basi na walipwe kabla siku hazijakwisha. Nani atabisha? Walakini neno lile la kulipa lilinisumbua. Deni lina kiasi, lina siku, na mwenye kulipa hupenda kupata hati ya kuonyesha kuwa amelipa. Nilimwuliza ndugu yangu ni kitu gani alichokiona katika akili yake kila alipoifikiri safari ile. Akajibu bila kusita kwamba aliwaona wazee wamesimama katika uwanja wa Jemaa el-Fna, wamevaa nguo nzuri, na mnara nyuma yao. Yaani aliiona picha. Hakuona wazee watatazama nini, aliwaona wakitazamwa. Picha ile ndiyo hati ya malipo, na mwenye kuishika angekuwa yeye.

Kwa kuwa Moroko ilitajwa, nilimkumbuka mtu wa Moroko aliyefika pwani yetu kabla ya ndugu yangu kufikiri kwenda pwani yao. Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja, aliondoka kwao mwaka 1325, kijana wa miaka 21, wazazi wake wote wawili wangali hai, naye alikiri kwamba kuagana nao kulimwuma. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1348, alipokuwa Dameski, aliambiwa kuwa baba yake alikwisha kufa miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, alipokuwa akikaribia kwao, akapata habari kuwa mama yake naye ameuawa na tauni. Kitabu chake kimewafaidia watu wengi, na sisi wa pwani tuna fungu letu katika faida hiyo. Lakini sidhani kwamba wazee wale wa Tanja walitamani kuonyeshwa Kilwa. Yamkini walitamani kumwona yule aliyekwenda Kilwa.

Katika habari zake za Kilwa yamo masimulizi mengine yanayogusa shauri letu. Sultani wa mji, Hassan bin Suleiman, alikuwa mashuhuri kwa ukarimu hata akaitwa baba wa vipaji. Ijumaa moja, alipokuwa akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimzuia akamwomba nguo zile zile alizokuwa amevaa. Sultani akaingia nyumba iliyokuwa karibu, akazivua, akampa. Baadaye mwana wa sultani alizichukua nguo zile kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Na sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Angalia vipaji hivi viwili. Cha kwanza kiliombwa, na kikatolewa kama kilivyoombwa. Cha pili kilikuwa kikubwa kwa thamani, lakini kilizaliwa na sifa za watu, na kilifanywa kwa roho za wanadamu ambao hapana aliyewauliza neno. (Utumwa ulikuwa desturi ya zama zile, desturi hiyo haiupunguzii uovu hata kidogo.) Kila ukarimu unaofuata makofi huacha mtu mahali fulani ambaye hakuulizwa.

Hija yenyewe, ambayo ndiyo safari kuu ya wazee wa kwetu, imewekewa sheria nzuri katika jambo hili. Haimlazimu ila mwenye uwezo. Na mzee asiyeweza kustahimili mwendo, mtoto wake aweza kumhijia. Dini imepima magoti kabla ya kupima mfuko. Tena haikubali mtu kumbebea mwingine nia kama abebavyo mzigo: yule asimamaye Arafa husimama kwa nia yake. Matembezi ya kujifurahisha hayana sheria, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtoto kuweka nia yake mahali pa nia ya mzazi, asitambue.

Basi na waulizwe! Ndivyo nilivyosema katika shauri letu, nikajiona mwenye hekima, nikatumwa Kisarawe. Huko nikajifunza kwamba kuuliza ni kazi ngumu kuliko kulipa nauli. Nilimwamkia baba, nikamweleza Marrakesh tangu mnara hata punda. Alisikiliza kwa utulivu, akasema, "Nyinyi ndio mnaojua, wanangu." Nikamgeukia mama. Akasema, "Mtakavyoona." Mtu mwenye haraka angerudi Kibaha na kutangaza kwamba ruhusa imepatikana. Lakini kwa adabu za kwetu hayo hayakuwa majibu. Ulikuwa mlango uliorudishwa polepole ili usilie. Mzee wa pwani hamwambii mtoto wake kwamba zawadi yake haipendi, kwa sababu ni aibu. Wala hamwambii anayotamani badala yake, kwa sababu hiyo ni aibu kubwa zaidi: ataonekana anaomba. Tumelelewa hivyo nasi tunawalea wetu hivyo, kisha twashangaa kwamba hatujui nini kinachowafurahisha wazazi wetu.

Nililala huko. Siku ya pili mama alikuwa anachagua mchele, na mimi nimekaa karibu bila kuuliza kitu. Akaniuliza yeye: ni kweli kwamba boti za siku hizi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili tu? Nikamwambia ni kweli. Akaendelea na mchele. Baada ya kitambo akasema kwamba mama yake mdogo aliolewa Unguja, Ng'ambo, yeye angali mtoto mdogo. Habari ya kufa kwake ilipofika Maneromango, mimi nilikuwa tumboni na nauli haikupatikana. "Sikupata kwenda kuhani," akasema. Miaka karibu arobaini alikuwa na msiba ambao hajauhani, na sisi watoto wake, wenye kujua mnara wa Kutubiya, hatukuwa tumesikia jina la mama mdogo huyo.

Baba alipoona kwamba mambo yamefunguka, naye akasema wazi. "Mimi nataka mvua initangulie nisijeachwa. Nifyeke kwanza." Shamba halikuwa limekwisha, na masika hayamngoji mtu. Nilihisi kwamba chini ya neno hilo palikuwa na neno jingine, huenda hofu ya bahari, sikulifuata. Mzee ana haki ya kuificha hofu yake nyuma ya jembe.

Katika kuyafikiri mambo haya nimeona kosa letu la kwanza lilikuwa katika lugha. Tulisema "wazazi" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye miguu minne. Ratiba yetu iliwapa chumba kimoja, chakula kimoja na furaha moja. Kumbe mmoja alikuwa na safari moyoni miaka karibu arobaini, na wa pili hakuwa nayo hata ya siku moja. Kuwapeleka wote kungekuwa kumburuta baba. Kuwaacha wote kwa heshima ya baba kungekuwa kumzika mama mara ya pili na msiba wake. Dada yetu alihofu watu watasema tumemchukua mke wa mtu tukamwacha mumewe na jungu tupu. Tulishauriana na baba, naye akasema jungu analijua.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa ndugu yangu. Kama tungengoja wazee waseme wenyewe, tungengoja mpaka kaburini. Ratiba ya Marrakesh, iliyokuwa kosa, ndiyo iliyomfungua mama kinywa: alipoona tumekusudia kuwapeleka mbali kiasi kile, Unguja ikaonekana si ombi kubwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mtoto asipange kabla ya kuuliza. Nasema tu kwamba apange kama aandikaye kwa kalamu ya risasi.

Tulivuka katika mwezi wa Shaabani, kabla bahari haijaingia kusi yenye wimbi la kuwachosha wazee. Dada yetu alikuwa ameandika vya kutazama: Ngome Kongwe, bustani ya Forodhani, na Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mama alivitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa vyombo vya mwenye nyumba. Kilichompendeza katika Mji Mkongwe kilikuwa zile baraza za mawe zilizojengwa pamoja na kuta za nyumba, ambazo mtu aweza kukaa kila baada ya hatua chache bila kuulizwa anataka nini. Alisema waliojenga mji huu walikuwa na wazee.

Siku ya pili tulikwenda Ng'ambo. Mahali alipoelekezwa palikuwa na majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 juu ya viwanja vya nyumba za zamani. Hapana aliyemjua mama mdogo. Tuliuliza asubuhi nzima. Adhuhuri tukaelekezwa kwa bibi mmoja mzee, aliyekuwa jirani yake kabla nyumba hazijavunjwa. Alilijua jina. Alikumbuka kwamba alikuwa akipika mihogo kwa nazi kwa namna ya Mrima, na kwamba watoto wake walihamia shamba, hajui upande gani. Mama akavua viatu, akaketi chini mkekani, akajifunika kanga, akampa bibi yule pole ya msiba kama ampavyo mtu aliyefiwa jana. Bibi akaipokea. Wakalia kidogo, kisha wakaanza kuzungumza bei ya mchele.

Siku ya tatu ilikuwa imelipiwa, lakini mama alisema turudi. Ndugu yangu alisikitika, kwa kuwa hapana picha iliyopigwa ila moja, nayo mama ameangalia pembeni.

Tulifika Maneromango magharibi. Baba alikuwa amemaliza kufyeka, akaniuliza bahari ilikuwaje, nikamwambia ilitulia. Kisha akamwuliza mama neno moja tu, kama aliwakuta wenyewe.

"Niliwakuta," mama akasema, akaingia ndani kutua kanga zake.