Saa za Mwisho za Kurt Cobain
Nimemaliza Heavier Than Heaven, kitabu cha Charles R. Cross kuhusu Kurt Cobain, na kuna kitu kinanisumbua. Cross alifanya mahojiano zaidi ya 400. Sawa. Lakini Cobain alipojiua Seattle, Aprili 1994, akiwa na miaka 27, alikuwa peke yake; Cross anatusimulia saa zile kana kwamba alikuwepo. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikipeleka stori ya namna hiyo, mhariri ataniuliza: nani kakwambia?

Halafu nami si msafi. Kurasa za heroini na maumivu ya tumbo nilizipitia harakaharaka, nikikimbilia zile za mwisho. Bintiye, aliyeachwa hajafikisha miaka miwili, leo ni mtu mzima. Anaweza kukinunua dukani kama mimi.