Ahadi kwa Maskini Ni Deni

Somo: 2 Wakorintho 8:1–15



Daftari la mhazini wa ujenzi wa kanisa lina safu tatu: aliyoahidi, aliyotoa, iliyobaki. Siku ya harambee watu husimama mmoja mmoja na vigelegele hupigwa. Miezi ikipita, safu ya tatu ndiyo humkosesha mhazini usingizi.

Mtume Paulo alikuwa na mzigo kama huo. Wakorintho walikuwa wameahidi, mwaka mmoja kabla, kuwachangia ndugu maskini wa Yerusalemu. Paulo hawakaripii. Anawasihi wamalize walichokianza, kila mtu kwa kadiri ya alivyojaliwa, na anawapa mfano wa Wamakedonia, waliotoa kwa furaha ingawa wenyewe walikuwa fukara.

Mataifa tajiri nayo yana ahadi. Mwaka 1958 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipendekeza yatenge asilimia 1 ya pato lao kwa ajili ya nchi maskini. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ukaweka lengo la asilimia 0.7, yaani shilingi 70 katika kila shilingi 10,000. Norway na Sweden zililifikia zamani. Nchi nyingi hazijalifikia hata mara moja.

Uingereza ililifikia mwaka 2013, na mwaka 2015 Bunge lake likaitungia sheria ahadi hiyo. Lakini baada ya pigo la korona, serikali ilishusha kiwango hadi asilimia 0.5, na Julai 2021 wabunge 333 wakaiunga mkono dhidi ya 298. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akatangaza kwamba kitashuka tena hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Anneliese Dodds, waziri aliyesimamia maendeleo, akajiuzulu.

Hofu ya vita barani Ulaya ni ya kweli, na kila serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake. Hata hivyo, tujiulize ni nani aliyeambiwa alipe. Ni mama aliyefika zahanati alfajiri, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi, akaambiwa dawa zimekwisha. Huyo hana mbunge London. Ahadi iliyotolewa kwake ni rahisi kuivunja kwa sababu hana pa kwenda kuidai. Lakini Mithali 19:17 inatufundisha kwamba anayemhurumia maskini amemkopesha Bwana. Basi anayemwahidi maskini kisha akamnyima, atamjibu Mungu mwenyewe.

Neno hili linatugusa nasi pia. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hadi leo hazijafika hapo. Tena Paulo aliwatuma ndugu waaminifu kuuchukua mchango ule, asije mtu akawalaumu kwa namna walivyousimamia. Shilingi ya dawa inayoishia mfukoni mwa afisa inamwibia mama yule yule. Hatuna ujasiri wa kuwadai wa mbali tukinyamazia wa karibu.

Wiki hii, mwenye ahadi aliyoitoa kanisani au kwa ndugu mhitaji aanze kuilipa, hata kidogo kidogo. Mbunge au diwani akija kwetu, tumuulize fungu la afya limetumikaje. Na ndugu zetu waumini wa Uingereza wanaoendelea kuikumbusha serikali yao ahadi yake, tuwaombee wasichoke.

Tuombe: Ee Bwana, ulikuwa tajiri ukawa maskini kwa ajili yetu. Wape watawala, wa kwao na wa kwetu, moyo wa kutimiza waliyoahidi. Nasi utupe mikono iliyo safi na iliyo wazi. Amina.