Kiinua Mgongo cha Mgeni



Juma hili tunawaomba mtafakari pamoja nasi swali ambalo hurudi kila tunapopata nafasi ya kuketi pamoja baada ya kazi. Mtu akizitumia nguvu zake kuwatunza watu wengine mpaka zikamwishia, ni nani anayepaswa kumtunza yeye? Je, tukimtunza tunampa sadaka, au tunamlipa deni?

Sisi wa Samail, wengi wetu ni wafanyakazi wa nyumbani. Wengine ni walinzi, madereva na wahudumu wa maduka. Tumetoka Kenya, Tanzania na Uganda, na wachache wametoka Kongo. Anayepata ruhusa huenda ibada Muscat siku ya Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko huku. Asiyepata ruhusa husubiri taarifa hii ya Jumapili aisome kwenye simu. Kwetu sisi, basi, swali la uzeeni linahusu maisha ya kila siku.

Tuanze na jambo jema. Mwaka 2023 Oman ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii na kuunda mfuko mmoja wa kuisimamia. Tangu Januari 2024 kila Mwomani aliyefikisha miaka 60 anaweza kupokea riali 115 kwa mwezi. Mtoto wa Kiomani aliye chini ya miaka 18 ana riali 10, na mwenye ulemavu ana riali 130. Si lazima mzee athibitishe kwamba ni maskini. Umri wake unatosha. Tumewaona wazee wanaofaidika, na tumefurahi pamoja nao. Nchi inayomheshimu mzee wake imefanya jambo linalompendeza Mungu.

Sheria hiyo haikutusahau wageni kabisa. Bima ya uzazi, yenye likizo ya siku 98, inamhusu pia mfanyakazi mgeni katika kampuni binafsi. Upo vilevile mpango wa akiba ambao mwajiri atamwekea mgeni asilimia 9 ya mshahara wa msingi kila mwezi, badala ya kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba, ingawa tarehe ya kuanza imesogezwa mbele. Lakini mfanyakazi wa nyumbani ana kanuni zake peke yake, nje ya Sheria ya Kazi. Kwa hiyo yule anayemwogesha mzee, kumlisha, kumpa dawa na kuamka usiku akiitwa, ndiye aliye mbali zaidi na hifadhi ile inayomfikia mzee huyo. Kwa baadhi yetu hata mshahara wa mwezi haufikii hizo riali 115.

Yapo majibu ya haraka, na tusiyadharau. Wengine husema: kila nchi ihudumie watu wake kwanza. Mgeni alikuja kwa mkataba, amelipwa alichokubali, na atarudi kwao. Wa kwao ndio watakaomtunza. Hoja hii ina uzito. Hakuna hazina isiyo na mwisho, na raia ndio waliojenga nchi na ndio watakaobaki nayo shida ikija.

Hata hivyo, tumfuate mgeni huyo mpaka kwao. Anafika akiwa na miaka hamsini na kitu, mgongo unauma na magoti hayakunjiki. Serikali ya nyumbani inamwambia: hukuchangia, maana miaka yote ulikuwa nje. Serikali ya huku inamwambia: wewe si raia. Familia nayo inamwambia: fedha zote ulizotuma zimekwisha kwenye karo na mabati. Wote watatu wanasema kweli, naye amekosa mwana na maji ya moto. Ile miaka ishirini ilikuwa na nguvu kamili, na kazi iliyofanyika inaonekana: watoto wamelelewa, wazee wamezikwa kwa heshima, nyumba zimetunzwa. Sasa tuulize, gharama ya kuzeeka kwake ameachiwa nani? Ameachiwa yeye mwenyewe.

Lugha yetu imetupa neno la kutusaidia kufikiri. Malipo ya mwisho wa kazi tunayaita kiinua mgongo. Waliolitunga neno hili hawakusema zawadi wala msaada. Walimwona mtu aliyeinama miaka mingi, wakaona kwamba aliyemwinamisha ana wajibu wa kumwinua. Mgongo hauulizi pasipoti. Ukiinama Samail utauma Kakamega, na ukiinama Nizwa utauma Tanga.

Tunajifunza pia kutoka kwa falaj, mifereji ya kale inayonywesha mitende ya bonde hili. Jirani zetu wana mashuhuri mbili, Daris ya Nizwa na Al-Malki ya Izki, zilizo kati ya falaj tano za Oman ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji ya shamba yana wenyewe: kila mmoja ana zamu yake inayopimwa kwa muda, na zamu inaweza kununuliwa, kuuzwa au kurithiwa. Lakini kabla maji hayajafika mashambani hupita kwanza mahali pa kunywa, na hapo haulizwi mtu zamu yake. Mwenye kiu anakunywa, awe mwenyeji au mpita njia.

Tunaona hapo kuna hekima ya kutenganisha mambo mawili. Zipo haki ambazo raia wanaweza kujiwekea wenyewe bila kumdhulumu mtu. Posho ya riali 10 kwa kila mtoto wa nchi ni kama zamu ya maji ya shamba, hatudai. Lakini kutibiwa ukiumia kazini, kulipwa mshahara kwa wakati, na kuwekewa kitu cha uzeeni kutokana na kazi uliyoifanya kweli, hayo ni maji ya kunywa. Yanamfuata mtu kwa sababu alifanya kazi, si kwa sababu alizaliwa wapi.

Ndugu zetu mlioko Marekani mnaweza kudhani jambo hili ni la huku Ghuba peke yake. Kumbukeni historia ya huko. Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935 ilianzisha pensheni ya wafanyakazi wa viwandani na biashara, ikawaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Watu weusi wengi wa majimbo ya kusini walikuwa katika kazi hizo mbili. Wanahistoria wanabishana kama sababu ilikuwa ubaguzi wa wanasiasa wa kusini au ugumu wa kukusanya michango nyumba kwa nyumba. Kwa mama aliyefua nguo za watu maisha yake yote, matokeo yalikuwa yaleyale. Marekebisho ya mwaka 1950 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza wengi wao. Kumbe hata walioachwa nje kwa sheria wanaweza kuingizwa kwa sheria. Na hata leo wako wahamiaji wasio na karatasi wanaokatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya mfuko huo, bila matumaini ya kupata mafao yake.

Swali hili halikomei kwa wenyeji wetu pia. Kule nyumbani, riali na dola tunazotuma humlipa dada wa kazi anayelea watoto tuliowaacha. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi NSSF hata kama ni mmoja tu. Ni nyumba ngapi zinazofanya hivyo? Tukimwita dada huyo "kama mwanetu", maneno hayo matamu yanaweza kuwa njia ya kukwepa deni. Mwana hurithi, dada wa kazi hupewa nauli ya basi.

Maandiko yanatuonyesha njia. Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu, alipookota masazo katika shamba la Boazi. Mara nyingi tunasifu ukarimu wa Boazi, na ni kweli alikuwa mkarimu. Lakini Ruthu hakuingia shambani kwa sababu ya ukarimu wake. Torati ilikuwa imeshaamuru kwamba pembe za shamba na masazo ya mavuno ni ya maskini na mgeni. Angekuwa Boazi bahili, bado Ruthu angekuwa na haki ya kuokota. Wema wake ulikuja juu ya haki; haukuwa badala yake.

Hapo ndipo tulipofikia katika mazungumzo yetu. Kafili mwema ni baraka, na tunawashukuru walio wema. Kanisa nalo huchanga: mmoja wetu akifa, tunakusanya fedha za kusafirisha mwili, mmoja akiugua, tunachangia dawa. Tutaendelea kuchanga. Lakini ni huzuni mtu akichangiwa kwa wingi siku ya jeneza, na siku zote alizokuwa na nguvu hakuna aliyemwekea akiba hata kidogo.

Kwa hiyo tunasihiana mambo mawili. La kwanza, kila mwenye uwezo ajiwekee sehemu ya mshahara kabla ya kutuma nyumbani, hata ikiwa ndogo. NSSF za Kenya na Tanzania hupokea michango ya hiari. Familia zetu zisione huo ni uchoyo. La pili, kila mmoja wetu aliye na mtu anayemfanyia kazi, aanze kulipa deni hilo sasa, wala asingoje serikali imlazimishe.

Mungu wa wajane, yatima na wageni awatunze wote walio kazini juma hili, na awainue walioinama.