Msamaha Si Aibu

Mwinjili Marko anamtaja mwanamke aliyeugua kutokwa na damu kwa miaka 12. Fedha yake yote iliishia kwa matabibu, na ugonjwa ukabaki. Wapenzi wasomaji, mwanamke huyo yuko bado kati yetu. Yuko Gare, yuko Mlalo, yuko katika vijiji vyote vya milima ya Usambara. Anaficha maumivu yake, maana anahofu kwamba akisema, ng'ombe atauzwa na watoto watakosa karo.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu. Ikigunduliwa mapema hutibika, ikifichwa huua.

Yafaa ijulikane kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka saratani miongoni mwa magonjwa ambayo wagonjwa wake husamehewa malipo katika hospitali za serikali. Basi, kwa nini mgonjwa afilisike? Kwa sababu dawa ikikosekana hospitalini, huambiwa akanunue dukani. Kwa sababu kutoka Lushoto hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 300, na tiba ya mionzi huchukua majuma kadhaa. Nauli, chakula na malazi havimo katika msamaha huo.

Tena wako wanaoona haya kumwendea afisa wa ustawi wa jamii. Neno lenyewe "msamaha" huwatisha, kana kwamba wametenda kosa. Ndugu, mgonjwa hakukosa neno. Anachoomba ni haki, si sadaka.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo imeagiza wasio na uwezo wagharimiwe kwa mfuko maalum. Twaipokea kwa shukrani. Lakini tunawakumbusha wenye mamlaka: haki isiyo na dawa ni ahadi tupu.

Nasi je? Sheria haimpandishi mgonjwa basi. Jumuiya zetu na zitenge kitu wakati wa mavuno kwa ajili ya nauli. Mwenye ndugu Dar es Salaam amwombee mgonjwa mahali pa kulala. Enyi waume, msingoje mke azidiwe, mpelekeni apimwe. Enyi wazazi, wapelekeni binti zenu wapate chanjo, inayotolewa bila malipo nchini kote tangu 2018.

Mwanamke wa Injili alijipenyeza peke yake katika umati hata akagusa vazi la Bwana. Wa kwetu asiende peke yake. Tumshike mkono, tufike naye.