Mzigo wa Mwenzio

Mwaka 1962, mjini Seattle, Marekani, mashine za kuchuja damu zilikuwa chache mno kuliko wagonjwa walioshindwa na figo zao. Ikaundwa kamati ya watu saba ichague wa kutibiwa. Wajumbe wakapima mapato, idadi ya watoto, hata mahudhurio ya kanisani.

Mwaka 1964 msichana mmoja aliyekataliwa na kamati hiyo aliundiwa mashine ya nyumbani, na mama yake akafunzwa kuiendesha. Mama huyo ndiye aliyeziba pengo lililoachwa na kamati.

Leo mgonjwa mwenye uwezo huulizwa mwenyewe: kituoni au nyumbani? Kituoni kwa kawaida ataenda mara tatu kwa juma, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Yafaa aulizie umbali, zamu na usafi. Nyumbani atatumia mashine, ama maji maalumu yatiwayo tumboni na kutolewa, mara kadhaa mchana au usiku kucha. Huko atakuwa huru zaidi.

Lakini uhuru huo mara nyingi hubebwa na mke au binti: ndiye apangaye vifaa, ndiye akeshaye. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wapo wasemao kwamba mapenzi hayahitaji kuulizwa. Kinyume chake ndicho kweli: asiyeweza kukataa hajakubali, ametwishwa. Mwili ni wa mgonjwa, na uamuzi juu yake ni wake. Usiku wa mwenziwe si wake kuutoa.